Vizibo vya Priscila

Darasa la kwanza walikuwa wamefika saba. Watoto sitini na wawili wa Mwalimu Jovitha walikuwa wameinua vijiti vyao juu, wakiimba hesabu kwa sauti moja, naye akigonga meza kwa fimbo kila walipotaja namba, ndipo mwanamume mmoja aliposimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa mrefu, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi. Watoto walimwona kabla ya mwalimu wao. Wakanyamaza mmoja mmoja, na wimbo ukafia kwenye saba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ofisi ya mwalimu mkuu ni ile ya mwisho, baba."

"Simtafuti mwalimu mkuu. Naitwa Shilinde, natoka Runazi, kule Biharamulo. Wewe ndiye dada yake Mwalimu Priscila?"

Kwanza Jovitha alisikia neno "Mwalimu" likitangulia jina la mdogo wake, likamchoma palepale lilipozoea kumchoma. Hajamaliza kuchomwa, yule mtu akasema, "Pole sana, mama. Mwalimu ametutoka leo alfajiri. Malaria, ikampanda kichwani. Siku mbili tu."

Fimbo ilikuwa bado mkononi mwake. Aliiweka juu ya meza polepole kama mtu anayeweka yai.

"Alikuwa na nani?"

"Na mama Gaudence, aliyempangisha chumba. Na watoto wake, mama. Tangu jana walijaa dirishani. Wanafukuzwa, wanarudi."

"Watoto gani? Priscila hakuzaa."

"Wa chekechea," alisema Shilinde. "Arobaini na mmoja."

Hivyo ndivyo msiba ulivyoingia katika ukoo wetu, mwezi Februari mwaka 1997, saa sita mchana, katika shule moja ya Kibimba, wilaya ya Ngara. Na Jovitha mwenyewe, kila alipoisimulia siku ile, hakuficha kwamba kilichotangulia kufika moyoni mwake hakikuwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, na ilikuja nzito. Kilichotangulia kilikuwa wivu. Aliwatazama wale sitini na wawili, akawaza: mimi nikifa leo, hawa watafurahi kwamba hesabu zimeisha mapema.

Jovitha alikuwa kifungua mimba wa mama Clotilda. Katika mwaka wake, ni yeye pekee kijijini aliyefaulu kwenda sekondari, na baadaye akaenda chuo cha ualimu. Alirudi na sanduku la bati, saa ya mkononi na cheti kilichowekwa kwenye fremu, ambacho mama yake alikitundika ukutani jirani na picha ya Moyo Mtakatifu. Priscila, aliyemfuata baada ya miaka sita, aliishia darasa la saba. Akabaki nyumbani, analima, anaimba kwaya, anavaa viatu ambavyo dada yake amevichoka. Na Jovitha alimpenda mno. Alimpenda kama tunavyowapenda walio chini yetu, kwa moyo mkunjufu na bila hofu.

Januari ya mwaka 1994, Telesfori, katekista wa kigango, alimwomba Priscila awashike watoto wadogo asubuhi, mama zao wakiwa shambani. Hakupewa chaki wala kitabu. Alipewa banda la kigango, mabenchi mawili na baraka.

Alianza na maharage. Huku kwetu mama hapandi maharage ya aina moja; anachanganya, na ukifungua debe unakuta mekundu, ya njano, meupe, meusi, na yale yenye madoadoa kama yai la kware. Priscila aliwapa watoto wayachambue kwa rangi, kisha wayahesabu. Siku moja akampa mtoto mmoja maharage kumi, aliporudi akakuta sita.

"Yako mangapi?"

"Kumi, Mwalimu."

"Hebu hesabu tena."

"Sita yako mezani," mtoto akasema, "manne yako tumboni."

Kijiji kizima kilicheka. Telesfori aliisimulia hadithi ile Jumapili baada ya misa, na watu walishikana mabega kwa kicheko. Jovitha hakucheka. Alikuwa amefundisha miaka tisa na hakuna hata siku moja ambayo watu walisimulia jambo lililotokea darasani kwake.

Kisha ikaja Aprili, na dunia ikavuka daraja la Rusumo kwa miguu kutoka Rwanda. Wale wa Burundi walikuwa wametangulia Oktoba ya mwaka uliopita, nasi tulikuwa tumewapokea majumbani. Nimpaye, mama mjane aliyevuka na mtoto mmoja aliyeitwa Kwizera, alilala katika jiko la mama Clotilda na kulima naye. Lakini hawa wa Aprili hakuna jiko ambalo lingewatosha. Kambi ya Benaco ikawa mji wa maturubai ya bluu, barabara zikajaa malori mchana kutwa, na soko likaota huko ambalo Ngara haikuwahi kuliona.

Wengine walikwenda Benaco kuuza ndizi. Priscila alikwenda na kikapu kitupu kuokota vizibo vya soda. Vilikuwa vimetapakaa kama kokoto: vyekundu, vya njano, vya kijani, vya bluu, vyeupe. Aliokota pia kandambili zilizokatika, akazikata vipande vya mraba, na mabeseni yaliyopasuka, na nyuzi za magunia ya msaada. Watu walimcheka njiani.

"Priscila, umefungua baa?"

"Nimefungua," alijibu. "Wateja wangu wanakunywa uji."

Nyumbani alitoboa vizibo kwa msumari na jiwe, akavitunga kwenye nyuzi. Kila uzi ulikuwa na vizibo kumi: vitano vyekundu, vitano vya njano. Basi. Hilo ndilo lililokuwa jambo lake lote kubwa.

Lakini barabara ile ilimwogopesha. Malori yalikuwa yanapita kwa kasi, na watoto wa wenyeji na wa wageni walikuwa wamechanganyika, wengine hawajui hata jina la ukoo. Ndipo akapigilia misumari kwenye ubao mlangoni, na kila mtoto akampa kizibo chake mwenyewe, cha rangi aliyoichagua. Mtoto akiingia, anakitundika. Akitoka, anakichukua. Priscila anauhesabu ubao asubuhi na mchana, na kama kuna kizibo kimebaki, au kimepungua, hakai chini mpaka amjue mwenyewe yuko wapi. "Anayeondoka achukue chake," aliwaambia, na wadogo wale waliimba neno hilo kama sala.

Nice, binti wa Jovitha, alikuwa na miaka mitano. Kizibo chake kilikuwa cha njano.

Siku moja Jovitha alikuwa anasahihisha madaftari mezani, Nice akaja na uzi wake, akavisukuma vizibo upande huu na upande ule.

"Mama, hivi ni vingapi?"

"Subiri nihesabu."

"Si uhesabu. Tazama tu. Saba."

"Umejuaje bila kuhesabu?"

"Vitano vyekundu na viwili vya njano, mama," alisema Nice kwa subira, kama anayemfundisha mtu mgumu. "Mama mdogo anasema jicho nalo linajua hesabu."

Jovitha alitazama. Kweli aliiona saba, imekaa pale nzima, haihitaji kuitwa kuanzia moja. Akawaza vijiti vya darasani kwake, vyote rangi ya majivu, na watoto wanaoanza moja kila siku kana kwamba jana haikuwapo.

Mwezi wa sita mratibu elimu wa kata alikuja kukagua. Aliketi nyuma ya darasa la Jovitha kwa kipindi kizima, akaandika, akafunga daftari. Kisha, mbele ya walimu wote, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akasema, "Mwalimu Jovitha, una nidhamu nzuri ya darasa. Ila nenda pale kigangoni ukamwone yule binti. Yule wa vizibo. Ujifunze vihesabio vya rangi."

"Yule ni mdogo wangu," alisema Jovitha.

"Basi una bahati! Si utajifunzia nyumbani?"

Walimu wakacheka vizuri tu, bila ubaya. Lakini jioni ile Jovitha alipita kwa mama yake, akamkuta Priscila anapepeta uwele na kuimba. Akasema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Nani kasifiwa, dada?"

"Hujui?"

"Sijui," alisema Priscila, na uso wake ulionyesha kwamba kweli hajui. Hilo ndilo lililomuuma Jovitha kuliko yote. Kama Priscila angejivuna, angalau wangekuwa wawili katika ugomvi ule.

Alisali. Mtu asidhani hakusali. Alikwenda kuungama dhambi ya kijicho, akapewa kitubio, akakitimiza, na Jumatatu akapita mbele ya kigango akasikia watoto wanacheka ndani, na kijicho kikamrudia kama mbwa anayejua njia ya nyumbani.

Sasa nitasema kuhusu chemchemi. Asubuhi moja mwezi wa saba wanawake walikuwa wamepanga madumu, maji yanatiririka kidogokidogo, na mazungumzo yakafika kwa Priscila, kama yalivyokuwa yakifika kwake siku hizo. Mmoja akasema mwanawe wa miaka minne anajua kutenga vikombe vya wageni bila kukosea. Mwingine akasema afadhali Priscila kuliko walimu wa serikali. Akakumbuka Jovitha yupo, akaziba mdomo. Wote wakacheka.

Jovitha naye akacheka. Kisha akasema, "Sawa, anajua. Ila mimi nashangaa kitu kimoja. Bibi zetu walikuwa wajinga walipotukataza kuhesabu watoto wa watu? Hata mbuzi hawahesabiwi kwa kidole, unawatazama tu unajua wametimia. Huyu asubuhi anawahesabu, mchana anawahesabu. Kule Benaco watu wanahesabiwa kama magunia, na mnaona wanavyozikwa kila siku. Sisi yetu macho."

Alilisema kwa mzaha. Yeye, mwenye cheti, aliyeita majina sitini kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio na kuweka alama! Hakuna aliyemuuliza kwa nini daftari lake haliui. Wanawake hawakucheka safari hii. Walitazama maji. Wazee wetu husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Jovitha alijua, kabla dumu lake halijajaa, kwamba amejikwaa. Angeweza kusema palepale, "Nawatania." Hakusema. Alijitwika dumu, akapanda mlima.

Mwezi wa nane ugonjwa wa kuhara damu ulitoka makambini ukapanda vijijini. Kwizera wa Nimpaye aliugua Jumatano, akafa Jumamosi.

Jumatatu, mama wa kwanza alikuja kigangoni, akakiondoa kizibo cha mwanawe kwenye msumari, akaondoka na mtoto bila kumwamkia mtu. Jumanne walikuja watano. Hawakugombana na Priscila. Mmoja alimwambia kwa upole, akitazama chini, "Wewe ni mtu wa Mungu, lakini hesabu yako imeonwa." Wiki ilipoisha, misumari ilikuwa mitupu, isipokuwa miwili. Mmoja wa Nice, kizibo cha njano. Mwingine wa Kwizera, kizibo cha kijani.

Nimpaye alikataa kukiondoa cha mwanawe. Alikuja mwenyewe, amejifunga kitambaa cha matanga, akasimama mbele ya ubao, na Jovitha alikuwapo akasikia. "Tangu tumevuka mpaka," alisema Nimpaye kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "tulipita njia ndefu, hakuna mtu alijua tuko wangapi. Huyu peke yake alimhesabu mwanangu. Kiache."

Hata hapo, Mungu amsamehe, Jovitha aliona wivu. Aliwaza: hata mfiwa anamsifu.

Siku ya pili yake mwanamke mmoja alimuuliza njiani, "Mwalimu, na wewe mwanao bado yuko kule?" Jovitha akageuza njia, akaenda kigangoni. Priscila alikuwa ameketi peke yake na Nice, uzi mmoja katikati yao. Jovitha alinyoosha mkono, akachukua kizibo cha njano.

"Na wewe, dada?"

"Watu wanasema."

"Watu," alisema Priscila. Alimtazama dada yake kwa muda, na Jovitha alishindwa kujua, siku ile na miaka yote iliyofuata, kama mdogo wake alikuwa anajua neno limetokea kinywani mwa nani. Kisha Priscila akamgeukia Nice. "Anayeondoka achukue chake, mama. Nenda."

Mama Clotilda alitafuta aliyelianzisha neno lile. Alifikiri, akajumlisha kwa namna yake, akafika kwa Nimpaye: nani tena, kama si mfiwa mwenyewe? Mgeni aliyekula chumvi yake! Hakumpigia kelele. Alimnyima moto tu. Asubuhi Nimpaye alikwenda kuomba kaa la kuwashia, mama Clotilda akasema, "Umezimika." Moshi unaonekana juu ya paa. Nimpaye akaelewa. Akafunga mzigo wake, akaenda kambini. Jovitha alikuwa ameketi ukumbini kwa mama yake siku hiyo, anamenya viazi. Alisikia "umezimika", akaendelea kumenya.

Januari 1995 Telesfori alimpatia Priscila nafasi Runazi, ambako waumini walikuwa wanatafuta mtu wa kuwashika watoto. Alikwenda na kikapu, ubao wa misumari mgongoni, na kizibo cha kijani mfukoni. Aliandika barua kila Krismasi na Pasaka. Alisalimia kila mtu kwa jina. Hakuuliza lolote.

Basi siku ile ya Februari, parokia ilitoa gari dogo la mizigo, na saa nane walikuwa njiani: mama Clotilda mbele na dereva, Jovitha, Nice na Shilinde nyuma. Barabara ilikuwa tupu kwa namna ya kutisha. Wanyarwanda walikuwa wamerudishwa Desemba, na mahali palipokuwa na mji wa bluu palikuwa na vilima vyekundu vilivyonyolewa, visiki na makopo.

Jovitha alikuwa na daftari magotini. Mtoto mkubwa ndiye angesoma wasifu wa marehemu, hilo halikuhitaji kikao. Aliandika tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, darasa la saba. Akafika mahali pa kueleza kwa nini aliondoka Kibimba. Gari liliruka mashimo mengi kabla hajaandika: *Mwaka 1995 alihamia Runazi kwenda kuwatumikia watoto wa huko.* Akaisoma. Ilikuwa kweli kila neno, na ilikuwa uongo.

Walifika jioni. Na pale Runazi wivu, ambao alidhani angeuacha Ngara, ulikuwa umemtangulia kwenye uwanja wa nyumba ya mama Gaudence. Watu walijaa mpaka kwenye shamba la mihogo. Wakatoliki walikuwapo, Waislamu wenye kofia walikuwapo, Wasukuma na Wazinza, na mzee mmoja aliyefunga duka siku nzima. Wote walimpa mkono na kumwambia, "Pole, dada wa Mwalimu." Hakuna aliyejua kwamba yeye ndiye mwalimu. Alijikuta akiwahesabu waombolezaji. Alipofika mia mbili na kitu, aliona aibu, akaacha.

Asubuhi, mama Gaudence, mwanamke mnene wa maneno machache, alimpeleka kwenye banda la chekechea. Ubao ulikuwa mlangoni, misumari ikiwa imeongezwa kwa safu mpya. Vizibo arobaini na kimoja, maana watoto walikuwa wamekwisha kuja. Juu kabisa, peke yake, kulikuwa na safu ya misumari mitatu. Mmoja ulikuwa na kizibo cha kijani kilichofifia. Mmoja ulikuwa na kizibo cheupe. Mmoja ulikuwa mtupu.

Msichana mdogo mwenye kichwa kilichonyolewa alisimama karibu yao.

"Huo mtupu ni wa nani?" Jovitha aliuliza.

"Wa Nice," alisema yule mtoto, kana kwamba kila mtu anamjua Nice. "Mtoto wa dada. Hajafika bado. Na cha kijani ni cha Kwizera, alikufa. Cheupe ni cha Mwalimu."

"Na wa dada je?"

Mtoto akaufikiri ubao kwa makini. "Dada ni mkubwa. Ana daftari lake."

Jovitha alisogea pembeni. Katika mfuko wa sketi yake kulikuwa na kizibo cha njano. Alikuwa amekihifadhi miaka miwili na nusu kwenye sanduku la bati, chini ya cheti cha ndoa, na jana alikichukua bila kujua atakifanyia nini. Alimwita binti yake, akampa. Nice, aliyekuwa sasa na miaka minane na kimo cha kutosha, alinyanyuka kwa vidole vya miguu, akakitundika.

Padre alifika saa nne. Baada ya misa, waliliweka jeneza juu ya viti viwili uwanjani, na Jovitha akaitwa asome. Alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma. Mwaka 1994 alianzisha chekechea kigangoni. Mwaka 1995 alihamia Runazi kwenda kuwatumikia watoto wa huko.

Akalishusha daftari. Mama Clotilda alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele yake, miguu imenyooshwa, kanga imeshuka mabegani. Nyuma yake watoto wa chekechea walikuwa wamekaa mistari, wote wanamtazama, wanangoja neno linalofuata.

"Nimeandika hivyo," alisema Jovitha, "lakini sivyo. Mdogo wangu aliondoka kwetu kwa sababu watu walisema anaua watoto kwa kuwahesabu. Neno hilo alilisema mtu mmoja chemchemini. Ni mimi. Nilimwonea wivu. Alikuwa anafundisha vizuri kuliko mimi, na hakuwa na cheti. Aliyefukuzwa kwa ajili ya neno hilo hakulisema. Mama, Nimpaye hakulisema. Ni mimi."

Kuku alipita kati ya watu na jeneza, mtu akamfukuza kwa mguu. Mama Clotilda aliitazama mikono yake. Hakulia, hakumlaani. Alivuta kanga yake ikapanda mabegani.

"Maliza kusoma," alisema. "Watu wamesimama juani."

Jovitha akamaliza. Ilikuwa imebaki mistari mitatu.

Kabla ya kufunga jeneza, mama Gaudence alileta kizibo cheupe, akakiweka katika kiganja cha Priscila, juu ya rozari. "Anayeondoka achukue chake," alisema, na watoto wakaitikia bila kuambiwa. Jeneza lilikuwa la mbao zisizopakwa rangi. Wanaume sita walilibeba, Shilinde akiwa mbele kulia. Kaburi lilikuwa nyuma ya kanisa, mwendo wa dakika kumi, ng'ambo ya barabara ya malori.

Padre alibariki kaburi. Jeneza liliteremshwa kwa kamba. Mama Clotilda alitupa udongo wa kwanza, Jovitha wa pili, Nice wa tatu, kisha watoto mmoja mmoja. Ikawachukua muda, kwa sababu wadogo walitaka kutupa mara mbili. Wanaume walifukia. Msalaba ulikuwa wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi ya bluu: Mwalimu Priscila. Jovitha alilisoma, na wivu ulikuwapo bado, mdogo, umekaa mahali pake. Aliuacha ukae.

Walipoondoka kaburini, mama Clotilda alipita bandani, akachukua kizibo cha kijani, akakifunga kwenye pindo la kanga. "Hiki nitampelekea Nimpaye mimi mwenyewe, kule Lukole, kambi ya Warundi," alisema, bila kumtazama binti yake. "Wewe utanisindikiza. Utamwambia kwa mdomo wako."

"Ndiyo, mama."

Lakini kabla ya hapo, pale barabarani, watoto walikuwa wamesimama ukingoni wakingoja. Malori mawili yalipita. Mama Gaudence alimtazama Jovitha, akasema, "Yeye ndiye aliyekuwa anawavusha."

Jovitha aliingia barabarani, akanyoosha mikono yote miwili, akawavusha. Watu wote wa msiba walikuwa nyuma yao. Walipofika ng'ambo, aliwahesabu kwa sauti, akimgusa kila mmoja kichwani, kuanzia yule msichana aliyenyolewa mpaka wa mwisho.

Walikuwa arobaini na mmoja.